Malalamiko: transfa yangu mmeivunja halafu mmenikabidhi kwenye kiroba

Kwa Meneja wa gereji,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima japo kwenu sikuipata, na sitaeleza gari iliingia lini wala tulikubaliana nini, karatasi zote mnazo ofisini. Airtrek yangu ya turbo ilikuja kwenu sababu ya sili iliyokua inavujisha oili kwenye transfa, ile giaboksi ndogo inayopeleka nguvu matairi ya nyuma. Sili tu. Leo transfa imepasuka, gari iko juu ya mawe na mnanidai parking elfu kumi kwa siku.

Nianze na Jumamosi maana ndio inaninyima usingizi. Nimefika kaunta nauliza gari imefikia wapi, msimamizi wenu akaingia ndani akatoka na kiroba cha sementi, akakibwaga chini akakisukuma kwa mguu mpaka nilipo, akasema "chuma chako hicho, kilikuja kimeshapasuka". Mbele ya wateja, na mwanangu wa miaka tisa nimemshika mkono.

Kimeshapasuka vipi? Niliiendesha mwenyewe toka Tabata na foleni yote ile ya Ubungo, ingekua na ufa ule oili si ingeishia njiani, yenyewe inachukua oili isiyofika hata lita moja!

Marehemu baba alikua fundi wa magari pale Gerezani, Kariakoo, mimi nimekulia chini ya magari. Transfa ya hii gari imekaa ubavuni mwa giaboksi nyuma ya injini, na paipu ya ekzosi inayoshuka toka kwenye turbo inapita hapo hapo chini. Unamwaga oili, unashusha hiyo paipu, unachomoa ekseli ya kulia, unavuta propela shafti, ndio unafungua boliti na kuitoa ikiwa imenyooka, ikigoma kwenye pini unaigonga taratibu na nyundo ya mpira. Fundi wenu paipu hajaigusa kabisa, niliingia chini mwenyewe nikaona nati zake zina kutu ile ile, hazijaonja spana. Kaona nafasi hamna, kaingiza mtaimbo kapekecha. Sikio la boliti limekatika, na pale mtaimbo ulipokaa aluminiamu imebonyea inang'aa, wakati ufa wa zamani ungekua mweusi kwa uchafu. Na Alhamisi kabla ya hiyo Jumamosi nilipopiga simu mkasema mnasubiri spea, kumbe mshavunja!

Bado narudi kwenye kile kiroba. Kwa mguu jamani, kitu cha mtu! Oili iliyobakia ikatoka kwenye tundu la propela ikachuruzika kwenye marumaru mpaka kwenye kiatu cha mwanangu, dada wa mapokezi akaja na dekio akaniambia "kaka toa uchafu wako". Hakuna hata mmoja aliyesema pole. Mtoto ananiuliza baba tumefanya nini, nikakosa la kumjibu.

Sasa nataka transfa nzima ya gari hii hii, hata used ya Japani sawa, mfunge kwa gharama zenu na sili mpya na oili mpya. Laki tatu na nusu ya ufundi mrudishe. Parking silipi hata mia. Nilitaka kuwapa siku 14 ila mmeshanizungusha wiki tatu, kwa hiyo ni 7. Na yule msimamizi aniombe radhi pale pale kaunta, mwanangu akiwepo, sio kwa simu.

Siku 7 zikipita sitaki tena mguse gari yangu, naitoa kwa bredidauni naipeleka kwa fundi mwingine na bili yote naileta kwenu. Naenda FCC, tume ya ushindani inayolinda walaji, halafu TRA ya kodi, maana niliomba risiti ya mashine ya EFD mkanipa karatasi ya kuandika kwa mkono, ninayo. Ikibidi mahakamani tutafika.

Kiroba kipo nyumbani, sijakiosha, na zile nati zenye kutu nimezipiga picha. Namba yangu mnayo, si ndio mnayopiga kila asubuhi kudai hela ya parking.