Kwa watoto na mafundi wa Afande, Bombo, Uganda

Wanangu, assalaam alaikum, na nyinyi mlio Wakristo, amani iwe nanyi.

Hitma ya arobaini ya baba yenu, Afande, imepita, maturubai yamerudishwa, na minong'ono imeanza kunifikia. Huyu anasema karakana yake ya useremala iuzwe, yule anauliza mtoto wa marehemu hasa ni nani. Mmetawanyika, wengine Arua, wengine Juba, wengine mpo kazini ng'ambo, kwa hiyo naandika hadharani, msije mkapelekewa maneno yangu yameongezwa chumvi.

Nilivaa magwanda pamoja na baba yenu. Serikali ilipopunguza jeshi, kati ya 1992 na 1995, askari zaidi ya 30,000 walirudishwa uraiani. Tulipewa mabati, mbegu, jembe na fedha kidogo. Wapo waliouza mabati wiki ile ile, na fedha ikaishia kwenye waragi, ile pombe kali. Yeye aliezeka karakana kwanza, akalala humo humo juu ya maranda.

Miaka ile silimu, yaani UKIMWI, ilikuwa inamaliza nyumba za watu, na dawa maskini hakuziona. Majirani Wakristo walimwagiza masanduku ya maiti, na aliyekosa fedha alichukua bure. Alitumia musizi, mbao nyepesi, akiyapigilia usiku ili wa kwake wasiyaone. Baadhi yenu mlifika hivyo: alipeleka sanduku kwenye msiba, akarudi ameshika mkono wa mtoto. Hakuwahi kunieleza kwa nini, wala mimi sikumuuliza. Jikoni kwake Kiganda, Kilugbara na Kiacholi vilikutana, mama akaamua kuwagombeza nyote kwa Kiswahili.

Sasa mirathi, kwa sheria yetu ya Kiislamu. Kwanza hulipwa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi ya mali, ndipo warithi. Mama yenu ana thumuni yake, sehemu moja ya nane, na chumba chake asikisogelee mtu. Mtoto wa kulea si mrithi, na hilo si tusi kwake; wasia upo kwa ajili ya watu kama yeye. Sheria ya nchi nayo inamtofautisha na mtoto aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama. Baba yenu alilijua hilo. Aliandika wasia, nami ni mmoja wa mashahidi: karakana na zana zake ni za aliowalea. Vitu vikithaminiwa na hiyo ikazidi theluthi, ziada ni haki ya warithi, labda wenyewe waridhie kuiachia.

Wanangu wa damu, nawaomba muiachie. Nasema hivi nikijua ukarimu wa baba yenu mliulipia nyinyi pia. Nakumbuka mkipokezana sare za shule, mkubwa akingoja mdogo arudi ndipo avae. Hakuna aliyewauliza kama mnakubali. Safari hii mnaulizwa.

Nanyi mliolelewa, msiseme "alitupenda zaidi." Maneno hayo nimeyasikia, na yakome. Na asiuze mtu hata patasi kabla ya barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Anayegusa mali ya marehemu mapema anajitafutia kesi.

Mafundi, ule mlango wa mvule ulioegemezwa ukutani, umepigwa randa upande mmoja tu, mteja ameshalipa nusu. Hilo ni deni la marehemu. Lakini mbao zile bado mbichi. Mkiziunga sasa zitapinda mwezi wa kiangazi, na lawama itamfuata marehemu kaburini. Mwambieni mteja asubiri, na zikikauka, ungeni kama alivyowafundisha: ncha ya ubao iingie kwenye tundu lake, ibane, bila msumari.

Kuna pia daftari la wanaodaiwa. Yeye aliona aibu kudai, na hapo sikukubaliana naye akiwa hai, sikubaliani naye hata leo. Wenye maduka na magari walipe, fedha hizo ni za mjane na warithi. Wajane wenzake mama yenu na walemavu, warithi wakiridhia, wafutiwe.

Jumamosi baada ya Adhuhuri tukutane karakana. Walio mbali wapige simu, tutaweka sauti juu wasikie. Daftari niletewe Ijumaa, na asichane mtu ukurasa. Najua ziko ngapi.