Barua kwa mwanangu Zainabu: mjukuu wangu akae nyuma

Tanga

Mwanangu Zainabu,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, mama yako anaendelea vizuri na ule mguu umepoa. Picha ya gari nimeipata. Nimefurahi sana, mama. Umelinunua kwa jasho lako, na Mungu alibariki likutumikie vyema. Lakini katika picha ile ile nimemwona Omari amelala kwenye kiti chake, na kiti chenyewe umekifunga siti ya mbele, pembeni yako, mgongo wa kiti umeelekea dashibodi. Nilipokupigia ukaniambia unamweka pale ili umwone unapoendesha, kisha mtandao ukakatika. Nimeona niandike, maana hili haliishi kwa simu ya dakika mbili. Kabla hujaanza safari ya kutoka Dodoma kuja huku, naomba umhamishie siti ya nyuma. Kama unaweza, umhamishe leo hii, kabla hujampeleka kliniki.

Mbele ya siti ile, ndani ya dashibodi, umekunjwa mfuko wa hewa, hiyo eabegi. Gari likigonga kitu kwa mbele, sensa zinahisi jinsi mwendo ulivyokatika ghafla, na kompyuta yake inapeleka umeme kwenye kopo la chuma lenye kemikali. Kemikali inawaka, gesi inatoka, mfuko unajaa. Kazi yote hiyo inachukua takriban sehemu 30 za elfu za sekunde. Ukipepesa jicho, mfuko umeshajaa kabla kope hazijakutana. Ili uwahi namna hiyo, unatoka kwa spidi inayoweza kufika kilomita 300 kwa saa.

Mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa mbali kidogo anaukuta mfuko umeshajaa na umeanza kutoa hewa kupitia matundu yake ya nyuma, kwa hiyo unampokea taratibu. Mtoto aliyelazwa kama Omari haukuti hivyo. Mgongo wa kiti chake uko karibu kabisa na dashibodi, basi mfuko unakigonga ukiwa bado unafyatuka, na unakigonga pale pale kilipo kichwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na mifupa ya shingo yake bado ni laini. Hakuna kiti cha mtoto kilichotengenezwa kuhimili pigo lile.

Haya si mambo ya kubuni. Marekani walipoanza kufunga mifuko hii kwa wingi miaka ya 1990, waliona jambo lililowatisha: ajali za spidi ndogo, ambazo watu wazima walishuka kwenye gari kwa miguu yao, zikaua watoto wa siti ya mbele. Kati ya 1990 na 2008 idara yao ya usalama barabarani ilihesabu vifo zaidi ya 290 vilivyosababishwa na mfuko wenyewe katika ajali za aina hiyo. Wengi walikuwa watoto, ama hawakufungwa mkanda, ama walilazwa kwenye viti vilivyoelekea nyuma kama cha Omari. Baada ya hapo mifuko ikapunguzwa nguvu, na wazazi wakafundishwa kuwaweka watoto nyuma. Mifuko hiyo hiyo imeokoa watu zaidi ya 50,000 nchini humo hadi 2017. Kwa hiyo sisemi ni kitu kibaya. Ni kitu chenye nguvu kubwa, na kinamtaka kila mtu akae mahali pake.

Shusha kile kikinga jua cha upande wa abiria ukitazame. Magari mengi ya Japani yamebandikwa hapo picha ya kiti cha mtoto kilichokatwa kwa mstari mwekundu. Maandishi ni ya Kijapani, lakini picha inasomeka kwa lugha yoyote.

Najua utaniuliza: je, tukiuzima huo mfuko? Yapo magari yenye swichi ya kuuzima kwa ufunguo, ila mengi tunayoyapata kutoka Japani hayana. Na fundi yeyote akikuambia atachomoa waya, mkatalie. Ukichomoa, taa ya eabegi inawaka, na katika magari mengi kompyuta inaweza kuacha kutegemewa kwa mifuko yote, pamoja na wako wa usukani. Siti ya nyuma haihitaji ufundi wa namna hiyo.

Kuna habari moja ya mzazi kama wewe ambayo nimeipenda tangu nilipoisoma. Mwaka 1952 Mmarekani mmoja, John Hetrick, alikuwa akiendesha gari huko Pennsylvania pamoja na mkewe na binti yao mdogo. Akakwepa kizuizi barabarani, gari likaingia mtaroni. Yeye na mkewe, bila kupanga, wote wawili walinyoosha mikono kumkinga mtoto asigonge dashibodi. Walitoka salama, lakini usiku ule akawa anawaza kwa nini pasiwe na kitu cha kumpokea mtu kabla hajagonga. Akachora, akaomba hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu wake, akapewa mwaka 1953. Kampuni za magari hazikujali, na hataza yake ikaisha muda kabla mifuko haijawa kitu cha kawaida. Kumbe chanzo cha yote ni mkono wa mzazi ulionyooshwa mbele ya mtoto.

Na mkono huo, mwanangu, hautoshi. Hapa ndipo nataka tuelewane vizuri, kwa sababu kwetu mtoto anapakatwa. Gari likiwa spidi ya kilomita 50 kwa saa likagonga ukuta, aliye ndani anapata pigo sawa na kudondoka kutoka juu ya mnazi wa mita 10. Omari ana kilo 8. Kwa nukta ile moja atavuta mikono ya aliyempakata kwa uzito wa zaidi ya kilo 100. Hakuna bibi wala mama wa kumshika. Na huyo anayempakata, kama naye hajafunga mkanda, atamwangukia mtoto kwa uzito wake wote. Kumfunga mtoto na mtu mzima kwenye mkanda mmoja ni hatari vilevile, kwa sababu mkanda unambana mtoto kati ya mwili na utepe. Mama yako atataka kumpakata mtakapopanda gari pamoja. Hilo niachie mimi, nitazungumza naye kwa upole.

Sasa kiti. Kiweke siti ya nyuma, kikiendelea kuelekea nyuma kama kilivyo sasa. Usiwe na haraka ya kumgeuza aangalie mbele kwa sababu miguu imekuwa mirefu. Miguu inakunjika, shingo ndiyo ya kuilinda. Gari likisimama ghafla, mtoto anayeelekea nyuma analazwa kwenye mgongo wa kiti, na nguvu inasambaa mgongoni, begani na kichwani kwa pamoja. Akielekea mbele, mwili unazuiwa na mikanda, kichwa kinaruka peke yake. Kanuni mpya za Ulaya zinataka mtoto abaki kaelekea nyuma angalau mpaka miezi 15, na Wasweden wanawaacha hivyo hata mpaka miaka minne.

Ingiza mkono kwenye ufa kati ya mgongo na kalio la siti ya nyuma. Ukikuta vichuma viwili vimejikunja, hiyo ni aisofiksi, vishikio vya kiti cha mtoto, na kama kiti chako kina ndimi zake, kipachike hapo mpaka kisikike kimeshika. Kama havipo, tumia mkanda wa gari, uupitishe kwenye njia zile zilizochorwa ubavuni mwa kiti. Kandamiza kiti kwa goti huku unavuta mkanda. Ukimaliza, kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Mikanda ya mtoto mwenyewe itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo, na ikaze kiasi kwamba ukijaribu kufinya utepe begani kwake vidole havipati mkunjo. Dodoma asubuhi ya mwezi wa Julai kuna baridi, najua utamvalisha majaketi. Mvue jaketi nene kwanza, mfunge, kisha mfunike kwa khanga juu ya mikanda. Nguo nene chini ya mkanda inabonyea kwenye ajali, na mkanda unabaki umelegea.

Kuhusu kumwona: yapo makioo madogo ya kufunga kwenye kichwa cha siti ya nyuma. Lakini bora zaidi, yule binti anayekusaidia nyumbani akae naye nyuma, na yeye pia afunge mkanda. Abiria wa nyuma asiyefunga anamrukia dereva mgongoni, na mkanda wa dereva haukutengenezwa kubeba watu wawili. Akilia sana, paki pembeni mahali salama, umshughulikie. Tanga haihami.

Na wewe mwenyewe, mama. Mfuko wa usukani ni msaidizi tu wa mkanda, ndiyo maana zile herufi SRS kwenye usukani maana yake ni mfumo wa kuongezea. Asiyefunga mkanda, mfuko unamkuta vibaya, maana breki peke yake imeshamsogeza mbele. Sukuma siti yako nyuma mpaka kati ya kifua na katikati ya usukani pawe na sentimita 25 angalau, huku miguu ikifika kwenye pedeli vizuri. Wewe ni mfupi kama bibi yako Mwanahamisi, kwa hiyo usijisogeze. Laza kidogo mgongo wa siti. Shika usukani kwa pembeni, mikono usiipitishe juu yake. Mkanda wa chini ukae kwenye nyonga, usikae tumboni, na wa juu upite katikati ya bega. Kile kichwa cha siti kipandishe usawa wa utosi wako. Wengi wanakiacha chini, na ukigongwa kwa nyuma shingo inapinda juu yake.

Nimeona pia kwenye picha kwamba siti umezivalisha kava mpya za ngozi. Zinapendeza. Ila angalia ubavu wa siti ya mbele, upande wa mlango. Kama pana kilebo kidogo kimeandikwa SRS AIRBAG, ndani ya siti hiyo kuna mfuko wa pembeni, na unatokea kwa kuchana mshono wa siti. Kava iliyoshonwa nene juu yake inauzuia. Zivue, au mwambie fundi wa kava aache upande huo wazi. Na lile zulia la manyoya juu ya dashibodi, pamoja na chupa ya manukato na maua, viondoe. Dashibodi ile ina mfuniko unaofunguka, na kilichowekwa juu yake kinakuwa jiwe la kurushwa. Mtu asiweke miguu pale hata barabara ikiwa tupu.

Katika kazi yangu ya umeme wa magari nimefungua usukani nikakuta ndani hamna kitu. Gari lilipata ajali huko nyuma, mfuko ukafyatuka, mtu akarudisha mfuniko tu na kuuza. Kwa hiyo fanya hivi: weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini. Taa nyekundu ya mtu aliyekaa na duara mbele yake inatakiwa iwake sekunde chache, halafu izime yenyewe. Isipowaka kabisa, kuna aliyeitoa. Isipozima, mfumo una hitilafu. Ikizima kwa pamoja kabisa na taa ya oili pale unapowasha injini, huenda imeunganishwa na waya wa taa nyingine. Hata ikiwa sawa, lipeleke gari kwa fundi mwenye mashine ya kupimia asome kompyuta ya mifuko, siyo ya injini peke yake.

Jambo la mwisho linahusu joto. Kampuni ya Takata ya Japani iliwatengenezea mifuko watengenezaji wengi wakubwa wa magari, wakiwemo Toyota, Honda, Nissan na Mazda. Makopo yake mengi yalitumia kemikali iitwayo amoniamu naitreti, ambayo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika. Siku ya kufyatuka inawaka kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinamrukia aliye mbele yake. Watu wamekufa kwa ajali ambazo zingewaachia michubuko. Marekani peke yake makopo takriban milioni 67 yaliitwa yabadilishwe, na mwaka 2017 kampuni ikafilisika. Magari ya umri wa lako ndiyo yaliyohusika. Huku pwani joto na unyevu ni wa mwaka mzima, na hilo gari, kama ulivyosema, lilikaa Dar es Salaam kabla hujalinunua. Watengenezaji wana sehemu kwenye tovuti zao ya kuandika namba ya chesisi na kuona kama gari limeitwa na kama limeshatengenezwa. Nipigie picha kibati chenye namba hiyo, kipo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Mdogo wako atanisaidia kuitafuta, nami nitakupa jibu kabla hamjatoka.

Mkifika Chalinze mpumzike, na Segera tena, Omari atolewe kwenye kiti anyooke mgongo. Msifukuzane na mabasi. Mkichelewa, mlale Morogoro kwa shangazi yako, nimeshamwambia.

Msalimie mkwe wangu. Nisubirie picha mbili: ya kibati, na ya Omari akiwa nyuma.

Baba yako