Yah: Kufunga shule, maonesho ya watoto, chakula na madawati tisa

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Shule inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Ripoti mje kuzichukua wenyewe, si kumtuma jirani. Matokeo ya Darasa la Saba mliyaona ubaoni, yamepanda, tunamshukuru Mungu na walimu waliokesha nao. Darasa la Nne walifanya upimaji wao wote bila mtoto kukosa. Choo cha wasichana kimekwisha kujengwa, imebaki kitasa.

Sasa nije kwenye lililonifurahisha. Wengi mlikuja Jumamosi ile chini ya mwembe kuona kazi za watoto, na nilivyowaona mnainamia yale madawati yaliyotandikwa khanga, mkigeuza kuku wa udongo na kuchungulia tumboni mwake, nilisema moyoni kumbe wazazi wa shule hii mkiitwa mnakuja. Nitalirudia hilo huko mbele.

Baadhi yenu mliniuliza shule imeanza lini kufundisha kuchezea matope. Kufinyanga kumo katika somo la Sanaa na Michezo la Darasa la Tatu na la Nne, na wakubwa walijiunga baada ya masomo kwa hiari yao. Hayo matope nayo yana kazi, nieleze. Huku juu uwandani ardhi yetu ni mchanga mwekundu, haushikani. Udongo wa mfinyanzi ulitoka bondeni kwa baiskeli, gunia tatu. Watoto waliukausha, wakautwanga kwenye kinu, wakauchekecha na kuuloweka, kisha ukalala siku nne chini ya gunia bichi. Maji ya kuulowekea mnajua huku yanavyopatikana, kwa hiyo yule mama aliyetupa ndoo mbili za kwake bila kuombwa, tunamwambia asante.

Mwalimu wao alikuwa bibi yetu mfinyanzi. Hana cheti na hakutaka kiti. Alikaa chini, akachukua donge saizi ya chungwa, akalitoboa kwa dole gumba katikati, akaanza kuligeuza na kuliminya pole pole mpaka likawa kibakuli. Watoto wakafuata. Vibakuli viwili ukivikutanisha mdomo kwa mdomo, una mwili wa kuku, tena wenye uwazi ndani. Mahali pa kuunga panachanjwa kwanza kwa mwiba, panapakwa uji wa udongo, ndipo panabanwa. Wasiochanja, kichwa cha kuku kilidondoka kabla ya jua kuzama. Kulikuwa na kibakuli kimoja kisicho na mwenyewe. Bibi alikitazama alama za vidole, akasema, "Aliyefinyanga hiki anatumia mkono wa kushoto." Darasa zima likageuka kumtazama binti mmoja wa Darasa la Nne, naye akaficha mkono nyuma. Mwaka mzima tunamsahihishia madaftari, na hakuna mwalimu aliyekuwa ametambua!

Kuchoma tulichoma kwa kuni na mabua, baada ya kazi kukaa kivulini siku kumi. Kuna mzazi aliyeshauri tuongeze maganda ya korosho moto uwe mkali. Nilikataa. Mafuta ya ganda lile yanachubua ngozi, na moshi wake sitaki ukae kwenye vifua vya watoto. Tulipofika katikati ya moto tukasikia pa! Kisha pa! nyingine. Ni tembo wa wavulana wa Darasa la Tano. Bibi alikuwa amewaambia kitu chochote kinachozidi unene wa vidole viwili lazima kitobolewe ndani, wao wakaona tembo mwenye tumbo tupu ni tembo gani. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yakageuka mvuke, mvuke ukakosa pa kutokea. Tembo watatu wakaondoka, wakachukua na mbuzi wa udongo aliyekuwa jirani yao.

Kuna mtoto alilia kweli kweli. Mzee wetu mchongaji, aliyekuja siku hiyo kutazama tu, akamwita, akamsimulia habari za Samaki Likankoa, Mmakonde aliyekuwa akichonga Dar es Salaam miaka ya 1950. Husimuliwa kwamba sanamu yake ilivunjika mkono, naye badala ya kuitia jikoni akaendelea kuichonga vile vile ilivyoharibika mpaka ikawa kiumbe cha ajabu, na huko ndiko ulikoanzia mtindo wa shetani ambao leo wageni wanaufuata hadi soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam. Mtoto akaenda kuokota kipande cha kichwa cha tembo wake na mkonga. Wale mliouliza Jumamosi lile dubwana lenye jicho moja na mkonga ni nini, ndilo hilo.

Mzee huyo huyo ndiye aliyewafundisha kuchonga sabuni. Mpingo hatukuwapa, ule ni mzito hata majini unazama na unawashinda watu wazima. Sabuni ya mche inakatika kwa mpini wa kijiko. Somo lake lilikuwa fupi: udongo unaongeza, sabuni unapunguza, na ukishaondoa sikio la mbuzi halirudi. Aliwazuia kukata chochote kabla ya kuchora umbo pande zote nne kwa msumari, kwa sababu watoto wetu wamezoea kuchora kwenye daftari, na mbuzi wa daftari ana ubavu mmoja. Vumbi la sabuni halikupotea, limefua jezi za netiboli mara mbili.

Aliwasimulia pia ile habari ya asili yetu Wamakonde, ya mtu wa kwanza aliyeishi porini peke yake, hajaoga wala hajanyolewa, akachonga mti kwa umbo la mwanamke, akausimamisha nje, kulipokucha akaukuta ni mtu hai. Watoto wao wawili wa kwanza hawakuishi, huko chini karibu na mto. Walipopanda huku juu ndipo wa tatu akaishi. Mtoto mmoja akauliza, "Kwa hiyo babu, shida ya maji ilianzia hapo?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kwa wazee walionijia faragha juu ya mapiko, vinyago vya kuvaliwa kwenye ngoma za jando: nimewaelewa, vinyago hivyo vina mahali pake na shuleni hatutavigusa.

Sitawataja washindi kwa sababu hatukushindanisha. Ila ile bodaboda ya waya yenye abiria watatu na mbuzi, wote wa udongo, iliwakusanya watu kuliko yote. Baba mmoja, dereva wetu wa hapa stendi, aliizunguka mara mbili, akauliza kwa sauti, "Huyu dereva ni nani?" Mwanawe alikuwa amesimama nyuma ya dawati anatazama miguu yake. Abiria watatu, baba. Mtoto amehesabu.

Nimemaliza kusifu.

Mkutano wa Januari mlikaa wenyewe, mkanyoosha mikono wenyewe: kila mtoto kilo 20 za mahindi na kilo 5 za kunde kwa muhula, au fedha yake. Sikuwalazimisha, mimi nilikuwa nashika kalamu. Muhula huu walioleta hawafiki nusu. Mwezi wa nane nilinyamaza, nikajua mifuko imekauka, watu wananunua salfa, dawa ya mikorosho. Mwezi wa kumi korosho zikaenda chama cha msingi cha ushirika, mnada ukapita, malipo yakaingia. Nimeona mabati mapya. Nimeona pikipiki mbili na spika ambayo hadi ofisini kwangu naisikia. Mahindi sijayaona. Wapishi walipika uji mwepesi wiki tatu za mwisho, na mtoto ambaye mzazi wake aliyaleta amekunywa uji ule ule na ambaye mzazi wake hakuleta, kwa kuwa mimi siwezi kumwambia mtoto wa miaka minane akae pembeni atazame wenzake. Mnalijua hilo, ndiyo maana mnanitegea. Elimu bila ada haina maana ya mtoto bila chakula. Orodha nimeikabidhi kamati ya shule na nakala ipo kwa mtendaji wa kijiji. Anayedaiwa alete kabla ya kufungua Januari. Aliyekwama kweli aje aniambie, mlango uko wazi, na wapo wawili waliokuja tukaelewana.

Na hizo korosho zenyewe. Oktoba na Novemba kuna siku Darasa la Tano lilikuwa na watoto 19 kati ya 46. Mkanitumia karatasi za "anaumwa tumbo". Matumbo ishirini na saba kwa siku moja! Jioni nikipita njia ya mashambani nawakuta hao wagonjwa wana ndoo, wanaokota. Sikatai mtoto kusaidia nyumbani Jumamosi, hata mimi niliokota. Ila Jumanne ni ya shule. Na jando na unyago viishe ndani ya likizo, asinifikie mtu wiki ya pili ya Januari akisema mwali bado yuko ndani.

La mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Wiki moja baada ya maonesho, wavulana watano wa Darasa la Sita walibaki darasani jioni wakiwa na patasi na nyundo ya mbao, mali ya babu wa mmoja wao, zilizochukuliwa bila ruhusa. Wakachonga madawati. Tisa. Madawati mapya, yale yaliyofika mwezi wa nne, ambayo wengine mlibeba vichwani kutoka barabarani. Nyuso, macho, nyoka mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Mwalimu wa sanaa aliniita pembeni kunionesha kwamba uso mmoja umepimwa sawasawa kabisa, pua na masikio vimekaa mahali pake. Nilimwambia sitaki kusikia. Ni kweli umepimwa sawasawa. Lakini mtoto hawezi kuandika hesabu juu ya pua.

Watoto walikiri, wamepiga msasa siku tatu, na madawati manne yamesalimika. Matano yanahitaji mbao mpya. Niliwaita wazazi watano. Wawili walikuja, wamelipa, tukanywa chai. Mmoja aliniambia kosa ni la shule kumfundisha mtoto kuchonga. Mama yangu, shule imemfundisha pia kuandika, akiandika matusi ukutani kwako utamlaumu nani? Mmoja hajajibu mpaka leo. Na mmoja alimtuma kaka mtu, kijana wa kidato cha pili, aje "kusikiliza kuna nini". Sikumsikilizisha.

Darasa la kuchonga halifungwi kwa ajili ya hao watano, na wao watakuwemo. Januari tunaanza na mti mwepesi. Vifaa vitakaa ofisini, vitatoka kwa hesabu na kurudi kwa hesabu. Kila mtoto aje na kipande cha msasa na kitambaa kikuukuu.

Tarehe ya kufungua imebandikwa ubaoni. Sanamu za watoto zichukuliwe kabla ya Ijumaa, zifungwe kwa majani makavu zisivunjike njiani. Patasi ya babu iko kabatini kwangu, nimeifunga kwenye gazeti. Aje mwenyewe, au baba wa mtoto. Kaka mtu asije.

Wenu katika kazi,

Mwalimu Mkuu