Kufuli na ufunguo mmeviweka mfuko mmoja

Tabata,
Dar es Salaam.
12 Machi 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Benki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUIBWA SH. 2,340,000 KUPITIA PROGRAMU YENU YA SIMU, NA JIBU LENU LA TAREHE 3 MACHI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yenu nimeipata. Ina mistari mitano, na wa tatu unasema fedha zilitoka kwa kuwa "mteja alimpa mtu mwingine namba yake ya siri". Sikumpa mtu. Namba ile hata mume wangu haijui, wala hajawahi kuniuliza. Naona aliyenijibu hakusoma maelezo niliyoacha tawini, kwa hiyo nayaandika upya.

Alhamisi, tarehe 20 Februari, saa 12:35 jioni, nilikuwa kwenye daladala natoka Kariakoo, nimekaa dirishani, tumenasa kwenye foleni ya taa za Buguruni. Simu mkononi, kioo kinawaka, namjibu mteja aliyetaka doti mbili za kitenge. Mkono ukaingia dirishani. Nilichobaki nacho ni kipande cha kava na mchubuko kwenye kidole gumba. Konda anageuka, kijana keshapotea katikati ya magari.

Hapo kosa ni langu, silikatai. Dirishani hapachezewi simu, na wanangu mwenyewe nimewaonya mpaka wamenichoka. Hasara ya simu naibeba. Ninacholalamikia ni kilichofuata, pale programu yenu ilipompokea kibaka kama mwenye nyumba.

Dada niliyekaa naye aliniazima simu yake. Saa 12:48 nikapiga namba yenu. Mashine ikanikaribisha, ikanitangazia mkopo wa wafanyakazi, ikaniwekea muziki. Salio la watu likaisha nami bado nasubiri. Nikashuka kituo kilichofuata, nikaingia kwa wakala, nikamwomba simu, nikaiwekea vocha ya Sh. 1,000, nikaanza upya. Saa 1:05 usiku akapokea kijana mmoja, mpole kabisa. Akaniambia: "Mama, kwa usalama wako, tupigie kwa namba uliyosajili." Nikamwambia namba hiyo imo ndani ya simu iliyoibwa. Akarudia maneno yale yale. Nikamtajia namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa, hadi kiasi nilichoweka siku ile asubuhi. Akasema niende tawini kesho, wanafungua saa mbili na nusu. Mazungumzo hayo mmeyarekodi, mashine yenu yenyewe husema hivyo. Yasikilizeni.

Sasa chukueni taarifa ya akaunti mliyonipa wenyewe. Saa 1:14 namba ya siri ikabadilishwa. Saa 1:22 ikatoka milioni moja. Saa 1:25 milioni nyingine. Saa 1:31 zikatoka 340,000, kwenda kwenye laini mbili nisizozijua. Mlibakiza Sh. 1,150. Yaani fedha ya kwanza ilitoka dakika 17 baada ya mimi kuongea na mtu wenu na kumwomba afunge akaunti.

Kibaka aliingiaje bila namba ya siri? Wiki iliyofuata nilikaa mezani kwa ofisa wenu na simu mpya, nikajaribu mbele ya macho yake. Nikabonyeza "Umesahau namba ya siri?" Ikauliza namba ya akaunti, ambayo mimi huwatumia wateja kwa meseji ili wanilipe, kwa hiyo imo humo humo kwenye simu. Ikatuma tarakimu sita. Zikaja kwenye laini ile ile, tena zikajitokeza juu ya kioo kabla sijafungua meseji. Haikuuliza kadi wala kitambulisho, haikutaka hata kuniona sura. Dakika mbili hazikutimia, nikawa ndani. Ofisa wenu alitazama, akakohoa, akaniuliza kama nina swali lingine.

Ninalo. Kesho yake baada ya kuibiwa, nilipokwenda kurudisha laini, niliweka kidole kwenye mashine na namba ya NIDA ndipo nikapewa. Inakuwaje kipande cha plastiki cha buku moja kilindwe kuliko akaunti yangu? Wenye iPhone, tangu Januari 2024, wakiwasha ulinzi wa simu iliyoibwa, mtu akitaka kubadili nenosiri la akaunti akiwa mahali pasipozoeleka husubirishwa saa nzima. Kwenu namba ya siri ilibadilishwa na dakika nane baadaye milioni ikaruhusiwa kutoka. Mngeizuia hata hadi asubuhi, leo nisingekuwa naandika.

Kuweka namba ya siri kwenye laini yenyewe, kuficha meseji zisisomeke kioo kikiwa kimefungwa, kubonyeza *#06# na kuandika IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenye daftari, hayo yote nimefundishwa na fundi simu wa Kariakoo, bure. Bango lenu tawini linasema tu "Usimpe mtu namba yako ya siri".

Na fedha zenyewe hazikuwa zangu zote. Milioni moja na laki nane ni za kikoba chetu, mimi ni mweka hazina. Tulikuwa tukivunje Jumapili ya tarehe 23, watu wanunue tende na unga kabla mwezi haujaandama. Kuna mama mmoja wa kikundi ananisalimia siku hizi bila kunitazama usoni. Barua yenu ya mistari mitano siwezi kumwonyesha, maana inasema niligawa siri.

Nataka mnirudishie Sh. 2,340,000, kwa kuwa zilitoka baada ya kuwataarifu. Nataka sentensi ile ya tatu ifutwe kwa maandishi, na polisi wapewe taarifa za laini zile mbili na za simu iliyobadili namba ya siri. RB, namba ya taarifa ya polisi, nilichukua usiku ule ule. Na wekeni njia ya kufunga akaunti kwa simu ya mtu yeyote. Kufunga tu, si kutoa fedha. Atakayenifungia akaunti kwa hila atanisumbua nusu siku, basi.

Nasubiri siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nakwenda Benki Kuu, na nakala wameshapata.

Wenu,

(Sahihi)
Mteja wenu mwaka wa tisa sasa

Viambatisho: taarifa ya akaunti ya Februari, nakala ya RB, barua yenu ya tarehe 3 Machi.

Nakala: Dawati la Malalamiko, Benki Kuu ya Tanzania.