Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanajumuiya wa Msikiti, Mwaka 1447 Hijria

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Masheikh, wazee wetu, akina mama na vijana,

Hesabu za mwaka mhazini amekwisha kuzibandika ubaoni, sitazirudia. Madrasa inaendelea, kisima kinatoa maji. Muda wenu nautaka kwa jambo la joto, maana ndilo lililotugombanisha.

Ramadhani ilituingilia Februari 2026, kaskazi ikiwa bado imeshika hapa Tanga. Tarawehe za mwanzo tu, mama mmoja akazirai kule ghorofani. Wakati huo kamati ilikwishapitisha viyoyozi viwili, vyote vya ukumbi wa chini. Kesho yake adhuhuri tulipanda juu. Nakiri mbele yenu: miaka minne ya uenyekiti, sijawahi kufika huko mchana. Bati liko utosini, dari hakuna, na matundu ya juu ukutani tuliyaziba wenyewe kwa saruji kuzuia popo. Joto la watu wa chini hupanda, likifika pale halina pa kutokea, na pangaboi zinawapepea akina mama hewa ileile ya moto. Walituandikia mwaka juzi. Barua yao ipo kwenye faili.

Viyoyozi tumeviacha. Jengo lenye milango wazi pande tatu halishiki ubaridi, na umeme wa LUKU, tunaoulipia kabla ya kuutumia, ungekatika kabla ya witri, swala ya kufungia tarawehe. Fedha hizo zitapiga dari ghorofani, zipake bati rangi nyeupe, na kufungua matundu yawekwe wavu.

Fundi alituonyesha na jingine. Kibla huku kwetu ni kaskazini, kwa hiyo ukuta wa mihrabu, usio na dirisha, ndio unaokabiliana na upepo wa kaskazi. Unaobaki huingilia madirisha ya mashariki, nasi tulikuwa tumeyaegemezea makabati ya misahafu! Yamehamishwa, na Ijumaa iliyofuata hata wasiosifu kitu walisifu.

Imamu naye alitukumbusha mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba joto likizidi adhuhuri icheleweshwe mpaka jua lipoe. Tulisogeza swala ya jamaa ya adhuhuri kutoka saa saba hadi saa nane kasorobo. Wanaofanya kazi maofisini wamelalamika kuwa muda wao wa mapumziko unapita, na wana haki; tutalizungumza tena kabla ya kaskazi ijayo. Hotuba ya Ijumaa khatibu ameahidi kuifupisha. Tunasubiri.

Akina mama wawili wameingia kwenye kamati ya ujenzi, na hakuna kitakachopitishwa kuhusu ghorofa bila wao.

Ramadhani ijayo inatarajiwa mapema Februari 2027, kwenye joto lilelile, hivyo mafundi wanaanza na matundu Jumatatu hii. Mwenye ngazi ndefu tunaomba atuazime. Ya msikiti ilivunjika siku ile tulipokuwa tukiyaziba.

Wabillahi tawfiq,
Mwenyekiti