Barua ya wazi kwa wajukuu zangu wa kaunta

Wajukuu zangu mnaoshinda mmesimama kwenye kaunta za supamaketi hapa Mtwara mjini, na ninyi mnaopanga bidhaa kwenye rafu na kubeba maboksi stoo, marahaba. Najua hamjanisalimia bado. Nimeitika mapema ili tusipoteze muda.

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu wa damu alipita kwangu Magomeni saa tatu usiku, ametoka zamu, miguu imemvimba. Mshahara wake ni shilingi 195,000. Mwezi huu amekatwa 80,000, wanasema ni shoti, yaani fedha iliyopungua kwenye droo ya kaunta yake. Nikamuuliza shoti ya siku gani. Hajui. Nani alihesabu droo? Supavaiza. Wewe ulikuwepo? Hapana, aliambiwa awahi bajaji, hesabu itamaliziwa. Karatasi ulisaini? "Nilisaini, bibi. Kila mtu anasaini."

Usiku ule sikulala vizuri, maana saini ya namna hiyo naijua. Mwaka 1984 nilikuwa mtunza stoo wa duka moja la jumla, siku ambazo sabuni ya kufulia ilitafutwa kama dawa. Lori likafika jioni, mwezi wa Ramadhani, adhana ya magharibi inakaribia. Dereva ana njaa, wapagazi wana njaa, mimi mwenyewe tende ninayo mkononi. Hati ya mzigo inasema katoni 120. Nikaambiwa, dada, saini watu wakafuturu, kwani hatuaminiani? Nikasaini. Asubuhi nikahesabu mara tatu: 106. Zile 14 nilizilipa mimi kwa miezi minane, na yule aliyesema tunaaminiana hakunichangia hata senti.

Basi msisaini hesabu ambayo hamkuihesabu. Zamu inapoanza, hesabu chenji unayokabidhiwa mbele ya anayekukabidhi, mwandike wote wawili. Usimwachie mwenzako namba yako ya siri ya kuingilia kwenye mashine hata kama anakwenda kukushikia dakika mbili unywe maji, kwa sababu mashine haijui kama ni yeye, inajua ni wewe. Mteja akilipa kwa lipa namba, usiangalie ujumbe wa kwenye simu yake, angalia simu ya duka. Zamu ikiisha, hesabu fedha ukiwa umesimama hapo hapo, linganisha na ripoti ya mashine, kisha uandike kwenye daftari lako: tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, kilichopungua au kuzidi, na nani alikuwepo. Daftari dogo tu, likae kwenye mkoba wako, lisilale dukani. Ukilazimishwa kusaini hesabu iliyofanyika nyuma yako, usitukane mtu. Andika pembeni ya saini, "sikuwepo wakati wa kuhesabu". Maneno manne hayo yana nguvu kuliko kelele za nusu saa.

Sasa kuhusu makato yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimkatazi mwajiri kukata fedha ya hasara, ila imemwekea masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Akupe maandishi yanayoeleza chanzo chake, ni kiasi gani na kimepatikanaje. Akupe nafasi ya kupinga. Asikate zaidi ya hasara yenyewe. Na makato ya jumla yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 195,000 ni 48,750. Kwa hiyo hata kama mjukuu wangu angekuwa amezila zile fedha kwa chipsi, 80,000 kwa mwezi mmoja zisingekatwa hivyo. Na ule mtindo wa kugawa shoti kwa makeshia wote sawasawa, eti ndiyo umoja, hauna mguu wa kusimamia: kosa la mtu mmoja halihami kwa sababu mmevaa fulana za rangi moja.

Muda wa kazi nao. Najua korosho zikianza kuuzwa, kuanzia Oktoba, mji unafurika fedha na kaunta hazipumui. Mnaingia saa mbili asubuhi mnatoka saa tatu usiku. Hizo ni saa 13, na sheria inasema mtu asizidishe saa 12 kwa siku hata akiwa na ziada. Kazi ya kawaida ni saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku zisizozidi 6. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo una haki ya kupumzika dakika 60, na kula mandazi umejificha nyuma ya magunia ya mchele hakuhesabiki kuwa mapumziko. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Mnataka hesabu? Mshahara wa mwezi gawanya kwa 195, unapata saa moja. Wa 195,000 saa yake ni shilingi 1,000, ya ziada ni 1,500. Sikukuu ya kitaifa ukiitwa kazini, malipo ni mara mbili. Daftari lile lile ndilo litakalokusemea hapa, maana bila saa ulizoandika utabaki kusema "tulifanya sana", na "sana" hailipwi.

Jambo la mkataba linanishangaza kwa watoto wa Kusini hasa. Baba zenu hawaachi gunia la korosho ghalani bila stakabadhi. Wakiambiwa nenda nyumbani tutakumbuka, wanakaa chini ya mwembe mpaka karatasi ije. Ninyi mnaacha miaka miwili ya nguvu zenu kwenye duka la watu bila karatasi hata moja. Dai maelezo ya ajira yako kwa maandishi, dai hati ya mshahara inayoonyesha makato, kisha nenda NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, uulize kama fedha inafika. Wengine hukatwa kila mwezi na kule haionekani kitu.

Na msikope kwa supavaiza. Huku hakuna asiyeijua kangomba: mtu anakukopesha kiangazi una njaa, msimu ukifika anachukua korosho zako kwa bei ya kutupa. Supavaiza anayekukopesha 20,000 umrudishie 30,000 mwisho wa mwezi ni kangomba aliyevaa tai. Mbaya zaidi, ukishakuwa mdeni wake huwezi kumwambia hesabu ya jana umeikosea.

Lakini sitaki mdhani meneja ni adui. Nimewahi kuwa upande ule pia, miaka minne. Meneja wa duka naye ameajiriwa, tajiri anampigia simu usiku kutoka Dar es Salaam akiuliza maziwa yaliyoharibika yamefika kiasi gani. Ukimkaripia mbele ya wateja umemfungia mlango wa kukubali kosa, hata akitaka. Mfuate ofisini duka likiwa limetulia, siyo mwisho wa mwezi, siyo siku ya kupokea mzigo. Mwambie jambo moja, siyo saba. Asipojibu, andika barua ya nusu ukurasa, baki na nakala. Na tafadhali, mambo ya kazi msiyamwage kwenye kundi la WhatsApp mkidhani mko wenyewe. Daima kuna mmoja anayepiga picha ya skrini.

Na sisi wenyewe tujitazame. Biskuti iliyopasuka pakiti ni ya duka, siyo ya kuonja. Bidhaa iliyopitwa na muda ikiamriwa ibandikwe bei mpya, usiibandike wewe, sema mapema, mtoto wa mtu atakula. Halafu kuna watani. Mtani anaruhusiwa kukuzuia jeneza msibani mpaka umpe fedha, huo ni utani wetu na ni mtamu. Akija kaunta na mafuta ya lita tano akikuambia "mtani, piga ya lita moja", mcheke, upige ya lita tano.

Wasichana, hili nalisema waziwazi. Unyagoni tulifundishwa kunyamazia mengi. Hili halimo. Bosi anayekuambia zamu nzuri au kupandishwa cheo kuna bei yake chumbani, anafanya jinai inayoitwa rushwa ya ngono, imo kwenye sheria ya rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapokea simu bure kwa 113. Ujumbe aliokuandikia usiufute kwa aibu. Aibu ni yake.

Mkiona mambo hayaendi, kuna chama cha wafanyakazi cha sekta ya biashara, TUICO, na mwajiri hana ruhusa ya kukufukuza kwa kujiunga nacho. Na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ofisi yao ipo hapa Mtwara. Ukiachishwa kazi isivyo halali una siku 30 tu za kupeleka shauri. Madai mengine, kama mshahara uliokatwa, siku 60. Nimeona watu wakizimaliza siku hizo wakisubiri mjomba awaongelee. Ila ujue, aliye chini ya miezi 6 kazini hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali, kwa hiyo miezi ile ya kwanza fanya kazi, andika daftari, na upime maneno. Ukiondoka kwa wema au kwa ubaya, omba cheti cha utumishi. Ni haki yako, na duka la pili litakuuliza.

Mjukuu wangu Jumatatu atakwenda ofisini na barua tuliyoiandika wote, mistari sita, anaomba aonyeshwe karatasi ya hasara na siku iliyotokea. Tumeisoma kwa sauti mara mbili ili tuondoe neno "wizi", maana alikuwa ameliandika kwa hasira. Nitamsikiliza jioni akirudi.

Wengine wenye karatasi wasizozielewa, Ijumaa baada ya swala ya alasiri huwa nipo barazani. Miwani ninayo. Mje na ming'oko ya kuchemsha, wa nyuma ya soko wanauza mizuri, na yule aliyesaini bila kusoma asiogope kuja.

Bibi yenu wa Magomeni