Kabla hujalipia kitabu cha afya ya mbwa, tafuta neno zabibu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na wenzangu wanaofuga mbwa hapa Dodoma. Tangu Serikali ihamie huku mji umetanuka, na nyuma ya mageti mengi ya Kisasa, Ilazo na Iyumbu kuna mbwa wa ulinzi. Wenye mbwa hao wananunua vitabu vya tiba ya nyumbani, na vingi vimeandikiwa wasomaji wa Uingereza na Marekani. Hilo peke yake si kasoro, maana mwili wa mbwa ni uleule. Ila kitabu cha namna hii kina kazi moja kubwa: saa tano usiku kikwambie kama mnyama aliye mbele yako anaweza kusubiri asubuhi au la. Hilo unaweza kulipima ukiwa bado umesimama mbele ya muuzaji.

Anza na faharasa nyuma ya kitabu. Kama hakina faharasa, kirudishe. Usiku wa dharura huna muda wa kusoma sura nzima. Kikiwa nayo, tafuta zabibu. Huu ni mkoa wa zabibu, watoto wanazila barazani na mbwa yuko miguuni pao. Zabibu mbichi na kavu zinaweza kuua figo za mbwa. Mmoja atakula kikombe kizima asidhurike, mwingine atalegea kwa punje chache, na huwezi kujua wako ni yupi. Dalili ya mwanzo ni kutapika ndani ya saa chache. Mkojo kupungua huja baada ya siku moja au mbili, wakati figo zimeshaharibika. Kitabu kinachofaa kinakuagiza umpeleke kwa daktari wa mifugo kabla dalili hazijatokea. Kisichotaja zabibu kabisa, au kinachozisifia kama kitafunwa, kimepitwa na wakati.

Ukiwa kwenye sura hiyo ya sumu, angalia kinavyofundisha kumtapisha mbwa. Matoleo ya zamani yanasema mpe chumvi. Chumvi nyingi kwa mara moja hupandisha sodiamu kwenye damu, na mbwa anaweza kupata degedege akafa kwa tiba badala ya sumu. Tena aliyekunywa mafuta ya taa au tindikali ya betri hatapishwi kabisa, kwa sababu kinachorudi juu huunguza koo au huingia mapafuni.

Kipimo kingine cha umri wa kitabu ni ukurasa wa kushtua moyo uliosimama. Mwongozo wa kimataifa kwa mbwa na paka ulitoka 2012 ukahuishwa 2024, nao unataka mikandamizo ya kifua 100 hadi 120 kwa dakika, kila mikandamizo 30 ifuatwe na pumzi 2.

Halafu tazama namba. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, likipimwa kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta na kuingizwa njia ya haja kubwa. Mtu aliyezoea 37 ya binadamu akiona 38.8 anadhani mbwa ana homa, anafungua kabati na kumpa dawa ya maumivu ya watu. Hapo ndipo mbwa mzima anapougua. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Parasetamoli huharibu ini na damu yake. Natamani kila kitabu kiweke onyo hili kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza.

Vitabu vya Marekani hutumia ratili na nyuzi za Farenhaiti. Kilo moja ni ratili 2.2. Jedwali likisema kidonge kimoja cha minyoo kwa mbwa wa ratili 10, nawe ukampa kidonge kimoja mbwa wako wa kilo 10, umempa chini ya nusu ya dozi. Minyoo inabaki, lawama inakwenda kwa dawa. Chagua kitabu cha kilo na mililita. Kama huna namna, badilisha namba zote kwa kalamu siku ileile unayokinunua, kwa utulivu, kabla hujazihitaji.

Sura ya magonjwa ya kupe ndiyo inayowashinda waandishi wengi wa mbali. Kwao kupe ni mgeni wa majira ya joto, ilhali kwetu kupe wa kahawia wa mbwa yupo mwaka mzima, na hutaga mayai kwenye nyufa za ukuta wa banda. Ukimwogesha mbwa ukaliacha banda, wiki chache baadaye amejaa tena. Tafuta kama kitabu kinaeleza hilo, na kama kinataja babesia na erlichia pamoja na dalili zake: homa, kukataa chakula, fizi kupauka, mkojo wa rangi ya kahawa, damu puani. Erlichia hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida wiki nne. Mbwa hurudia kula mapema sana, mwenye mbwa akaacha kumpa dawa siku ya tano, na ugonjwa ukajificha mwilini. Kitabu kinachoeleza kwa nini wiki nne ni cha mtu anayeijua kazi yake.

Picha ya fizi iwepo, tena ya rangi. Inua mdomo wa juu, bonyeza fizi kwa kidole hadi iwe nyeupe, achia. Wekundu urudi ndani ya sekunde 2. Ukichelewa, au fizi ikiwa nyeupe tangu mwanzo, mbwa huyo hasubiri asubuhi. Vilevile mbwa mkubwa wa kifua kirefu, kama wale wa Kijerumani tunaowapenda kwa ulinzi, akijaribu kutapika bila kutoa kitu huku tumbo limevimba kama ngoma: huenda tumbo limejisokota, naye ana saa chache tu.

Kichaa cha mbwa kisiwe aya moja iliyofichwa kwenye sura ya kusafiri na mbwa. Sura hiyo iseme pia habari za mtu aliyeng'atwa: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Mtoto wa mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka. Kitabu cha nchi isiyo na ugonjwa huu hakitakuwa na haraka hiyo.

Kuna mambo ambayo huenda usiyakute, kwa hiyo yaandike mwenyewe ndani ya jalada. La kwanza ni ivermektini ya ng'ombe, dawa ya sindano ya minyoo. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita, na mililita 1 imepimwa kwa ng'ombe wa kilo 50. Ukimdunga mililita hiyo moja mtoto wa mbwa wa kilo 3, umempa zaidi ya mara 16 ya kiwango hicho. Atayumba, macho yatapanuka, anaweza kupofuka na kuzimia. La pili ni dawa ya kuogeshea ng'ombe, ambayo watu huikadiria kwa macho kwenye ndoo. Baadhi ya dawa hizo humtoa mbwa mate mengi, akatetemeka na mboni kuwa ndogo kama kichwa cha pini. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni, uvae glovu, ukimbilie kwa daktari na chupa yenye lebo mkononi. La tatu ni namba ya simu ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, kwa sababu namba za dharura zilizochapwa humo ni za nchi nyingine.

Mwisho nina ombi kwa wauza vitabu wa mjini na wale wanaopanga meza Nzuguni wakati wa Nanenane. Vitabu hivi mara nyingi hufungwa kwa nailoni. Mfungulieni mteja nakala moja aone faharasa, jedwali la dozi na mwaka wa toleo kabla hajatoa fedha.

Mdau wa tiba ya wanyama,
Dodoma